Baba wa Binti na Tarumbeta Lake

Kamati ya sherehe ilitupa muda wa chakula. Maana yake mnapiga huku ukumbi mzima umewapa mgongo, umepanga foleni na sahani mkononi. Tulikubali. Bendi inayopiga swingi hapa Moshi, yaani ile jazi ya kale ya kudansia, ambamo besi hutembea na matarumbeta hujibizana, haina jeuri ya kuchagua muda.

Mimi napiga besi, ile ya mbao inayosimama na kumzidi kimo mpigaji wake. Nilijifunza ukubwani, baada ya shahada mbili ambazo hazijawahi kumchezesha mtu. Wenzangu walijifunza utotoni, kwenye bendi za matarumbeta za usharika wa kanisa kule Marangu, na hiyo ndiyo bahati yetu na balaa letu. Wana pumzi ya kupandia mlima. Ila wakifika mwisho wa mstari huivuta noti ya mwisho kama vile wanamsubiri mchungaji afungue kitabu. Swingi haisubiri mchungaji. Nimewasihi waikate, nikafikia hadi kuwatolea mhadhara. Walinisikiliza kwa adabu, wakaendelea kuivuta.

Kiongozi wetu, mpiga tarumbeta, ndiye aliyekuwa baba wa binti anayeagwa kabla ya harusi. Alitaka jambo moja: mwanawe aingie ukumbini akitanguliwa na tarumbeta la baba yake. Kaka mkubwa wa kiongozi wetu, mwenyekiti wa kamati, alikataa. Tulikuwa kihambani kwake, katikati ya migomba ya nyumbani, kila mtu na mbege yake, ile pombe ya ndizi, naye alikataa kwa upole wa mtu asiyezoea kubishiwa. Wapiga muziki ni watu wa kukodi, alisema. Baba wa binti hukaa meza kuu na kupokea wakwe. Wakimwona anapuliza mashavu yamevimba, watadhani ukoo mzima umeshindwa kuleta DJ.

"Mdogo wangu, siku hiyo wewe kaa tu," alimaliza. "Kukaa ndiyo kazi yako."

"Sawa, kaka."

Njia nzima ya kurudi mjini nilimlaumu kiongozi wetu kwa kukubali. Nilizungumza kwa kirefu kuhusu uhuru wa msanii, nikataja na Wagiriki. Niliponyamaza kupumua, akauliza kama wimbo wetu wa kwanza unapigika huku watu wanatembea. Nikamwambia besi haitembei.

"Basi utabaki, msomi," akasema.

Hapo nikaelewa kuwa hakuwa amekubali chochote.

Siku ilipofika, katika ukumbi mmoja wa mjini, karibu na hospitali ya Mawenzi, MC alimwita binti na DJ akafungulia ule wimbo unaomwingiza kila binti kila Jumamosi. Baba akainuka meza kuu, akalitoa tarumbeta chini ya kitambaa cha meza, akaenda mlangoni. Wapiga saksafoni na tromboni wakashuka jukwaani kumfuata. Mpiga ngoma akaing'oa ngoma ndogo kwenye miguu yake ya chuma, akaondoka nayo kwapani. Nikabaki mimi na besi yangu, kama mgeni aliyefika sherehe isiyo yake.

Wakaanza. DJ akaongeza sauti; wao wakaongeza pumzi. Hawa ni watu waliozoea kupiga makaburini kwenye mvua ya mlimani, spika haziwatishi. Bibi mmoja wa upande wa wakwe alisimama, mabega yakaanza kucheza kabla yeye mwenyewe hajaamua. Ndipo kaka mkubwa akaukata ukumbi, akamshika mdogo wake kiwiko.

"Kaa chini. Unatuaibisha."

Tarumbeta likatoka mdomoni. Nikajua tumekwisha, kwa sababu likinyamaza tarumbeta, DJ anauchukua ukumbi. Lakini wenzake walikuwa wamefika mwisho wa mstari, na kwa lile kosa lao la usharika walikuwa wanaivuta noti, wanamsubiri.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Nitakaa mwanangu akishapita."

Akalirudisha mdomoni, akaingia juu ya noti ileile. DJ mwenyewe alishusha sauti. Binti akapita katikati ya ukumbi akicheza, viatu mkononi, nyuma ya baba yake.

Muda wetu wa chakula ulifutwa, kwa adhabu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tulikula chakula kikiwa cha moto. Baba wa binti alikaa meza kuu kama alivyoahidi, mdomoni ana duara jekundu la tarumbeta. Kaka yake akamsogezea kitambaa ajifute. Alikikunja vizuri, akamrudishia bila kujifuta.