Mshono wa Mama Zawadi

Ipo siku moja ya mwaka 2016 ambayo hainitoki, mwanangu. Ni siku niliyovaa blauzi yangu nzuri, nikapanda teksi kutoka Rosettenville kwenda Sandton, na ndani ya mkoba nimeficha kitu kisicho changu.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu wakati huo. Mvi hizi unazoziona zilikuwa bado mbali. Nilifika Johannesburg kutoka Lubumbashi bila kazi wala ndugu, na aliyenipokea ni Mama Zawadi, mjane wa Bukavu aliyekuwa na saluni ya viti vitatu. Kusuka alisuka kama wengine. Lakini nyuma ya pazia alikuwa na kazi nyingine: aliwashonea mawigi wanawake ambao nywele zao zilimalizwa na dawa za saratani. Alipima kichwa kwa uzi, sikio hadi sikio. Ndani aliweka bitana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ikalainika, maana ngozi ya mgonjwa haitaki kusuguliwa. Mshono wa pembeni aliupitisha juu ya sikio, usimbane mtu akilaza kichwa. Mambo hayo aliyapata kwa kuwasikiliza wagonjwa wake miaka na miaka. Mimi aliniita "mwanangu", akanifundisha peke yangu.

Basi ikaja kampuni moja ya Kichina ya nywele za bandia. Tayari walikuwa na duka mjini, na sasa walitaka kufungua kiwanda hapa hapa nchini. Wakamtuma msichana apite saluni kwa saluni. Alisema tumwite Lina, kwa kuwa jina lake la kwao lilitushinda kutamka. Alikuwa na adabu, usije ukadhani vingine. Alikaa na wateja, akawauliza nini kinawawasha, nini kinawabana, akaandika kila jibu kwenye daftari. Siku ya tatu akaomba kuona nyuma ya pazia.

"Hapana, mtoto wangu," Mama Zawadi akamwambia kwa upole. "Huku kuna watu wagonjwa."

Lina akaomba msamaha, akaondoka. Nami nikamfuata nje, nikamkuta amesimama kwenye roboti, taa za barabarani, akisubiri kuvuka, nikamwambia kazi ile naijua.

Nani alinituma? Hakuna. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kushika kitana tu, nikataka na mimi nionekane. Mwenye tamaa hahitaji kusukumwa.

Wakaniita ofisini kwao Sandton. Wakanipa kitambulisho chenye picha yangu, kimeandikwa kwamba mimi ni mshauri. Hebu fikiri: meza ndefu, chai isiyo na maziwa, watu saba wamenyamaza wananisikiliza mimi, msusi wa Rosettenville! Nikafungua mkoba, nikatoa vipande vya karatasi vya Mama Zawadi, vile alivyokatia bitana, nikawatandazia mezani. Nikawaonyesha na mshono. Wakapiga picha.

Lina akauliza, "Hii umebuni mwenyewe?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Neno fupi, mwanangu. Ulimi hauna mfupa. Kesho yake nilivirudisha vile vipande mahali pake kabla mwenyewe hajafika.

Mwaka uliofuata mawigi yakatoka, yamo ndani ya maboksi. Yalikuwa mepesi, mazuri, na hata mama wa Alexandra asiye na uwezo aliweza kununua moja. Siwezi kukudanganya: wapo wagonjwa waliofurahi, ambao kwa Mama Zawadi wasingefika kamwe. Lakini mimi hawakunipigia tena. Nilipokwenda Sandton, kitambulisho hakikufungua mlango. Mlinzi, Mkongo mwenzangu, akakitazama, akanirudishia kwa huruma.

"Dada Riziki, jina lako halipo tena hapa. Na yule Lina wamemhamishia Lagos."

Asubuhi moja mteja akaleta saluni wigi la boksi, akitaka lipunguzwe. Mama Zawadi akalipindua ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. Kilipofika juu ya sikio kikasimama. Akakirudisha pale pale mara ya pili na ya tatu, mpaka mteja akadhani limeharibika.

"Ni wewe?" akaniuliza, bila kuinua macho.

"Mama, wao ndio wali—"

"Sikuulizi habari zao. Wao ni wafanyabiashara, wamefanya kazi yao. Nakuuliza wewe."

Nikalia. Hakunifukuza. Alilipunguza lile wigi kwa uangalifu, akamrudishia mteja wake, kisha akaniambia:

"Ungeniomba twende wote, labda ningekwenda. Ningewaambia ni mama gani alinifundisha bitana, na ni yupi aliyenionyesha pale panapouma. Wengi wao wamekufa, Riziki. Sasa hawatajwi popote."

Wateja wa nyuma ya pazia wakapungua mmoja mmoja. Mwaka haukuisha, akafunga saluni, akahamia kwa binti yake, mtaa wa Kensington hapa hapa mjini. Mwaka 2019 nilikwenda kumwomba msamaha. Alinipokea vizuri kupita kiasi. Akanipa kiti cha sebuleni, akatoa vikombe vya kabatini, akamwambia binti yake, "Mletee mgeni sukari."

Mgeni! Mimi niliyekula naye sufuria moja miaka sita. Nikayasema maneno yangu yote. Akasema amenisamehe zamani, na najua alisema kweli. Lakini "mwanangu" hakuniita tena. Baadaye alirudi Bukavu, akafia huko. Habari niliisikia kwa watu, kanisani, ikitangazwa baada ya ibada.

Wewe umezaliwa hapa. Nakusemesha Kiswahili, unanijibu Kizulu. Si kitu, mradi hili ulielewe. Makampuni yatakuja, ya China na ya kwingine, na hakuna ubaya mtu kutafuta soko mbali na kwao; hata sisi tulikuja hapa kutafuta. Watakuja wamejiandaa, wakiuliza na kuandika. Nawe jiandae, uliza, andika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji gani asiyejua kilichomo nyumbani ni cha nani? Kabla hujafungua mkoba mbele ya watu, jiulize aliyekupa ujuzi huo yuko wapi. Akiwa hai, mwendee kwanza, mketi naye kwenye meza hiyo. Akiwa amekufa, mtaje. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na ukiulizwa kama ni chako na si chako, sema hapana, hata kama sauti itatetemeka.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na kinywa cha kweli. Akujalie kuwaomba radhi wakubwa wako mapema, wakati bado wanakuona mtoto wao. Nenda na amani, mwanangu.