Shali na Nazi kwa Baba Mkubwa

Kwenye kadi ya harusi ya binti yake wa tatu, jina la Bhagwat Shelke liliandikwa mstari wa kumi na moja, chini ya daktari wa mifugo na juu ya meneja wa kiwanda cha sukari. "Mgeni Rasmi: Mheshimiwa Bhagwatrao Shelke, Diwani wa Wilaya." Mstari wa wazazi, wenye herufi za dhahabu, ulikuwa na jina la mdogo wake Haribhau na la mke wa Haribhau, Kaushalya. Bhagwat aliisoma kadi hiyo akiwa amesimama barazani, akairudia, kisha akaitia kwenye mfuko wa kifuani wa kanzu yake nyeupe, pale anapoweka maombi ya watu ambayo hana nia ya kuyashughulikia.

Tusimwonee. Alianza vizuri. Ujana wake wote aliupitisha nyuma ya meza ndogo nje ya ofisi ya ardhi, akiwaandikia barua wasiojua kuandika: pensheni ya mjane, fidia ya pamba iliyokauka, kisima kilichochimbwa kwenye karatasi tu. Mwaka wa ule ukame mkubwa alilala siku nne mlangoni kwa mkuu wa wilaya mpaka malori ya maji yakatolewa, akarudi Pimpalwadi amekaa juu ya tangi la lori la kwanza. Baada ya hapo nani angempinga? Akawa mwenyekiti wa kijiji akiwa na miaka thelathini na moja, na watu wakaanza kumtaja kwa udiwani.

Ndipo serikali ya jimbo ikaleta sheria yake. Mwenyekiti wa kijiji au diwani atakayepata mtoto wa tatu, kiti kinamtoka. Waheshimiwa wabunge walioipitisha hawakujitia wenyewe ndani yake. Mbunge aweza kuzaa timu nzima ya kriketi na asiulizwe. Sheria ilikuwa ya wadogo, kama sheria nyingi.

Bhagwat alikuwa na mabinti wawili, Sushma na Vaishali, na mama mzazi aliyelia kila asubuhi mbele ya miungu yake kwa kukosa mjukuu wa kiume. Mkewe Indubai akashika mimba ya tatu mwaka ule ule wa uchaguzi wa udiwani. Bhagwat hakulala siku kadhaa, kisha akapata akili ya kisiasa. Indubai akapelekwa kwa wazazi wake, eti mgongo unamsumbua. Kaushalya, aliyekaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto, akajifunga sari kuukuu tumboni na kwenda kisimani polepole ili aonekane. Nesi wa hospitali alikojifungulia Indubai alikuwa ndugu wa mbali. Mtoto alipozaliwa alikuwa wa kike, na kwenye daftari la vizazi akaandikwa Ujwala Haribhau Shelke. Kwetu jina la baba hukaa katikati ya jina la mtoto na kumfuata shuleni, benki na kazini. Mficha uchi hazai, wanasema watu. Bhagwat alizaa, kisha akaficha.

"Ni miaka mitano tu," alimwambia mkewe. "Nikimaliza kipindi hiki tunamchukua."

Nyumba za ndugu hao wawili zimetenganishwa na ukuta wa udongo. Indubai alijifunga kitambaa kifuani maziwa yakauke, huku akimsikia mtoto akilia upande wa pili. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu mzazi aliruhusiwa kwenda kumwona akiwa na bakuli la dengu mkononi, kama jirani anayerudisha chombo.

Miaka mitano ikawa kumi. Kila uchaguzi ulikuwa wa mwisho, na kila mara palikuwa na barabara ambayo haijaisha au bwawa ambalo bila yeye lisingejengwa. Hayo hayakuwa uongo mtupu, na hapo ndipo palipokuwa na sumu yake. Mpinzani wake Digambar Thombre, mwenye maduka ya mbolea, alipomshtaki, Bhagwat alisimama mbele ya mkuu wa wilaya, akainua mkono na kuapa kwamba ana watoto wawili. Kijiji kizima kilijua. Kijiji kizima kilinyamaza, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na barua mezani kwake.

Mpango wake mkubwa ulikuwa ubunge. Akipata ubunge, sheria ile haimgusi tena, na siku hiyo hiyo atamshika Ujwala mkono avuke naye ule ukuta. Hivyo ndivyo alivyomwambia Indubai kwa miaka kumi na saba. Mara ya kwanza chama kikampa tiketi ya kugombea mkwe wa waziri. Mara ya pili akapewa mwenye kiwanda. Mara ya tatu, siku kumi na moja kabla ya harusi hii, tiketi ikaenda kwa mpwa wa Thombre, aliyehamia chamani wiki mbili kabla. Bhagwat alikuwa na miaka hamsini na sita, sukari kwenye damu, na hapakuwa tena na ngazi juu yake.

Aliporudi kutoka kikao cha chama kilichotoa tiketi hiyo, alikaa kitandani bila kuvua viatu. Aliwakumbuka Sushma na Vaishali. Alikuwa amewaoza wote wawili, ndiyo, lakini kwenye harusi ya Sushma alimwaga mikononi mwa maharusi yale maji ambayo mzazi humtoa nayo binti yake, huku simu ikiwa begani, akizungumza na mtu wa malori. Mkono wa binti uliobaki kumwagiwa maji na baba yake ulikuwa mmoja. Akaona kwamba hakutaka kitu kingine chochote duniani. Akamwambia mkewe, na Indubai akaenda mjini kununua sari ya njano, ile anayovaa mama wa bibi harusi.

Kesho yake asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi, alipita mlangoni kwa mdogo wake. Haribhau alikuwa akimfunga nyati wake wa maziwa. Ujwala, aliyekuwa likizo kutoka polisi alikoajiriwa mwaka juzi, alikuwa ameketi kizingitini na kikombe cha chai.

"Napeleka barua ya kujiuzulu," alisema Bhagwat. "Thombre akitaka, aje na bendi. Harusini tutakaa mimi na Indu. Nitamtoa binti yangu mwenyewe."

Haribhau aliitazama miguu yake. "Wewe ndiye mkubwa, kaka. Ukisema, nani atakataa?"

"Mimi nitakataa," alisema Kaushalya. Alikuwa ametoka jikoni, unga wa mtama umemganda mikononi. "Shemeji, mtu akiweka ng'ombe wake kwa jirani kwa sababu ya ukame, mvua ikinyesha huja kumchukua. Huyu alipata surua, nikakesha naye. Alivunja mkono, nikambeba mpaka barabara ya lami. Miaka ishirini na miwili yote hiyo, kwako mvua haikunyesha hata mara moja?"

Bhagwat, ambaye aliweza kuhutubia saa mbili bila karatasi, alimgeukia Ujwala.

"Baba mkubwa," alisema Ujwala, "najua tangu nina miaka kumi na minne. Mama mkubwa aliniambia."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Aliweka kikombe chini. "Sikiliza. Leo ukisema mimi ni wako, cheti changu cha kuzaliwa ni cha uongo. Cha shule cha uongo. Karatasi za polisi za uongo. Mimi nafukuzwa kazi, baba anafungwa kwa kuweka sahihi, na yule nesi na uzee wake naye anafungwa. Wewe utakuwa umejiuzulu kwa heshima na magazeti yatakusifu." Alisema bila hasira, kama mtu anayemsomea mwingine taarifa, na hilo ndilo lililomuumiza. "Umechelewa tu. Kaa kwenye kiti chako, upokee shali yako ya mgeni rasmi."

Bhagwat alilia palepale uani, mbele ya nyati na watu. Hakuna aliyemnyamazisha. Aliporudi kwake, Indubai alikuwa mlangoni, akauliza kama wamekubali. Alitikisa kichwa. Indubai akaikunja sari ya njano, akairudisha sandukuni, akaenda kuchagua dengu. Barua ya kujiuzulu nayo haikupelekwa, ingemfaa nani?

Siku ya harusi, mtangazaji alikuwa na kipaza sauti kikubwa kuliko hema. Wageni wa heshima walikaa mbele kwenye makochi ya kukodi, na mwenye kupanga viti, kwa ujinga au kwa makusudi, alimweka Bhagwat karibu na Thombre. Jina lake liliitwa. Akasimama, akavishwa shali, akapewa nazi ya heshima, watu wakapiga makofi. Akatakiwa kusema mawili matatu. Alimpongeza ndugu yake Haribhau kwa kulea binti ambaye ni fahari ya Pimpalwadi, akaketi. Jukwaani Haribhau na Kaushalya walikuwa wakimwaga maji mikononi mwa maharusi. Indubai alikuwa kule nyuma na wanawake wa jirani, amevaa sari ya kijani ya siku zote.

Baadaye Ujwala alishuka kugusa miguu ya wakubwa. Alianza na Haribhau, akaenda kwa Kaushalya, akawafuata wazee wa bwana harusi, kisha akaja kwenye makochi. Aliinama miguuni kwa Bhagwat, punje za mchele wa manjano waliorushiwa maharusi zikiwa bado nyweleni. Bhagwat alihamishia nazi mkono wa kushoto, akaweka wa kulia juu ya kichwa chake kumbariki. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu siku ile alipozaliwa hospitalini.

Thombre alijisogeza, simu yake ikiwa wima juu ya goti, inarekodi.

"Hongera, Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya kutosha. "Kwani wewe mwenyewe umejaliwa mabinti wangapi?"

Ujwala alikuwa bado ameinama. Hakuinuka. Bhagwat alihisi kichwa chake kimetulia kabisa chini ya kiganja chake, kikisubiri kama wote waliokuwa wakisubiri.

"Wawili," alisema Bhagwat, na mkono wake haukuondoka juu ya yule wa tatu.