Hatua Kumi za Mtu Mfupi

Siku ya kwanza ya kazi niliua miche minne kabla jua halijapanda. Nilikabidhiwa debe la maji na kuambiwa nimwagilie kitalu, nami nikayamwaga yote kwa mkupuo mmoja. Mnyapara Feruzi, mtu wa pwani aliyevaa kanzu safi hata penye tope, aliniacha mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Kijana, huo ni mche, si nyumba inayoungua." Akakata jani la mgomba, akanionyesha namna ya kuyapitisha maji juu yake yateleze polepole hadi shinani. Ndivyo nilivyoanza kazi ya kupanda miti ya njiani hapa Morogoro, enzi za Mdachi, na sikuiacha mpaka mgongo uliponiacha mimi.

Nayaeleza haya kwa ajili yenu, makarani na walimu mnaobisha hodi kwangu kila mwezi. "Shikamoo mzee, tumesikia mtaa huu una kivuli. Hakuna chumba?" Marahaba, wanangu, chumba hakuna. Lakini kaeni niwaambie kivuli hicho kilitoka wapi, maana kijana wa leo akiona mti barabarani anadhani umejiotea kama uyoga.

Wakati ule reli ilikuwa imefika karibuni na mji ulikuwa unajengwa kwa haraka. Barabara ya kutoka sokoni kupanda hadi bomani ilikuwa wazi, vumbi jekundu huku na huku. Akina mama walioshuka mlimani na matenga ya ndizi na maharage walitembea kwenye ubaridi njia nzima, kisha wakimaliza kilima jua likawapokea. Hapakuwa na pa kutua mzigo. Wahindi wenye maduka walifunga milango mchana, wakafungua alasiri.

Mzungu aliyesimamia misitu tulimwita Bwana Miti. Cheo chake cha Kidachi kilikuwa kirefu kuliko treni ya mizigo na hakuna kati yetu aliyeweza kukitamka. Mwenyewe naye alikuwa mrefu hivyo hivyo. Kitaluni tulikuwa na chanja, paa la nyasi juu ya nguzo fupi la kukinga miche na jua kali, na kila alipopita chini yake ilimbidi ainame kama mtu anayetafuta sindano. Mimi nilipita nikiwa nimesimama wima. Mungu hakunipa urefu, na utani juu ya jambo hilo nimeusikia wote, kwa hiyo msijisumbue.

Mti tuliootesha zaidi ulikuwa mkangazi. Mbegu zake ni bapa na nyepesi, ukipiga chafya umezipoteza. Ukishaota, mche hautolewi kivulini siku moja ukatupwa barabarani. Kwanza unazoeshwa jua: leo unafunua chanja kidogo asubuhi, wiki ijayo zaidi, mpaka majani yakaze. Siku ya kupandikiza unauchimbua na bonge lake la udongo, unalifunga kwa magamba ya mgomba ili mizizi isione upepo. Shimo unalichimba mapema, unatia mboji, na ukishapanda unauzungushia kizimba cha fito, kwa sababu mbuzi wa mji huu hawajawahi kumheshimu mtu yeyote.

Kazi niliipenda. Lakini kilichonifanya niishike kwa mikono miwili kilikuwa mke wangu, Tekla. Tulifunga ndoa kwa mapadre kule mlimani, na yeye alikuwa bado anaishi kwao, mwendo wa asubuhi nzima kutoka mjini. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wake, Mzee Mloka, alikataa katakata asishuke. "Umenipa posa, nimekupa mke," aliniambia. "Lakini mtoto wa dada yangu hatakwenda kuanikwa juani kama muhogo. Huna nyumba, huna kiwanja, na huo mji wenu hauna hata mti wa kumsitiri mtu. Kama unamtaka, panda mlima uje ulime naye." Kwa hiyo nilikuwa mume wa Jumapili. Kila Jumapili jioni nikishuka kurudi kazini moyo uliniuma, nasema wazi, uliniuma sana.

Masika moja Bwana Miti aliamua barabara ya boma ipandwe. Ghafla akaitwa Kisaki kwa kazi nyingine, na Mnyapara Feruzi akawa amelala na homa. Bwana Miti akaniita mimi. "Mfupi," alisema, na jina hilo ndilo lililokuwa langu kwake, "miche ni mia moja na ishirini. Anza sokoni, malizia kwenye lango la boma. Pande zote mbili. Kutoka mti hadi mti, hatua kumi. Nikirudi nikakuta kazi nzuri, nitakuandika kazi ya kudumu, na mwandikwa hupewa kiwanja."

Mnaelewa alichoniambia? Aliniambia Tekla. Sikulala na viatu, kwa sababu sikuwa navyo, lakini alfajiri nilikuwa sokoni. Niliuweka mti wa kwanza, nikahesabu hatua kumi kwa uangalifu kama mtu anayepima sanda, nikauweka wa pili. Vibarua wanne walichimba nyuma yangu. Mstari ulinyooka, hakuna mche uliokufa, hakuna kizimba kilichopinda. Siku ya tisa, kabla kidogo ya kufika nyumba ya Bwana Miti mwenyewe, niligeuka kuchukua mche mwingine nikakuta tenga tupu.

Nikadhani vibarua wameiba. Nikawafokea, na baadaye ikanibidi niwaombe radhi. Nikarudi mpaka sokoni nikihesabu miti, ikawa mia moja na ishirini kamili. Nikarudi tena nikitazama mwendo uliobaki hadi lango la boma. Kipande kizima cha juu, na nyumba ya Bwana Miti katikati yake, kilikuwa kitupu kama kiganja. Kitalu nacho hakikuwa na mche hata mmoja uliokomaa. Maji yalinifika shingoni.

Bwana Miti alirudi kabla sijapata la kufanya. Alisimama mbele ya lango lake, akatazama juu, akatazama chini. Wakati ule kosa la kibarua lilikuwa na adhabu yake, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano mbele za watu, na sitawadanganya kwa kuusifu utawala ule eti kwa sababu uliacha miti.

"Nilisema hatua ngapi?"

"Kumi, Bwana."

Akaenda kwenye mti wa karibu, akatembea hadi unaofuata. "Moja, mbili, tatu..." Alipofika shinani alikuwa kwenye nane. "Hizi ni nane."

"Ni kumi, Bwana."

"Unanibishia?"

Hapo Mnyapara Feruzi, aliyekuwa ametoka kitandani siku hiyo hiyo na shuka bado begani, akasema taratibu, "Bwana, na atembee yeye."

Nikatembea. Nikafika shinani kwenye kumi barabara. Vibarua wakainamisha vichwa ili wasicheke. Bwana Miti akanitazama miguu kwa muda mrefu, kisha akajitazama yake.

"Bwana alisema hatua," Mnyapara Feruzi akaongeza. "Hakusema za nani."

"Ing'olewe yote ipandwe upya," alisema Bwana Miti.

Sijui nilipata wapi ulimi. Nilimwambia masika yanakwisha, miche imeshika, na ukiing'oa sasa utapanda kuni. "Acha hii ilivyo," nikasema. "Nitajaza pengo. Mlimani iko inayoota yenyewe chini ya mama yake. Inatakiwa thelathini."

"Siku kumi," akasema. "Zikipita, kazi basi, kiwanja basi, na lile jingine unalijua."

Nilipanda mlima mchana ule ule. Sikumficha Tekla kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya magimbi, kisha akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mume wangu, hata ungetumwa kupima kaburi, marehemu angelala amekunja magoti." Alipofuta machozi ya kicheko akaniambia, "Miche ya mkangazi iko bondeni ninakookota kuni. Kesho twende."

Tuliichimbua pamoja. Alijifunza kufunga bonge la udongo haraka kuliko mimi nilivyojifunza, na vidole vyake havikuumiza mzizi. Kila tenga lilichukua miche mitatu, maana udongo ni mzito, na tulikuwa na matenga mawili, lake na langu. Tulishuka safari tano. Alijitwisha juu ya ngata, shingo imenyooka, haoni miguu yake, na hakuangusha hata mmoja. Tulipanda, tukamwagilia, tukapanda mlima tena. Mzee Mloka alituona tukipita uani kwake kila siku na hakusema neno. Ukimya wake ulinitisha kuliko kiboko.

Siku ya kumi tulikuwa tunaushindilia udongo wa mche wa mwisho langoni pa boma nilipomwona Mzee Mloka anakuja na fimbo yake. Alikuwa hajawahi kufika sehemu hiyo ya mji. Nilijua amekuja kumchukua Tekla. Wakati huo huo Bwana Miti alitoka barazani kwake, akateremka, akapita mti mmoja mmoja akiitikisa kuona kama imeshika. Alichukua muda. Mwisho akamwambia karani wake, "Andika jina lake." Akanionyesha kwa kidole uwanja mtupu uliokuwa karibu na soko, upande wa chini. "Utajenga pale."

Nilimkimbilia Mzee Mloka kumpa habari. Aliitazama miche mirefu kama goti la mtoto, mmoja baada ya mwingine, mpaka barabara ilipopinda.

"Shikamoo Mjomba. Nimepewa kiwanja."

"Marahaba. Na kivuli kiko wapi?"

"Hiki hapa, Mjomba."

"Hiki?" Aliusukuma mche kwa ncha ya fimbo. "Huyu mtoto atakaa juani miaka mingapi akiungoja huu?"

Haikuwa zamu yangu kujibu. Tekla aliweka chini debe la maji. Alipiga goti mbele ya mjomba wake kwa heshima yote.

"Mjomba, nimeubeba mimi. Nitaungoja mimi."

Mzee Mloka akavua shuka lake la begani, akamtupia kichwani ajikinge na jua, akageuka na kurudi mlimani peke yake. Tekla alilia kidogo, akafuta uso, akaniuliza kiwanja kiko wapi hasa.

Baadaye Mdachi aliondoka, Mwingereza akaja, miti haikuuliza. Nilipelekwa Turiani kwa muda kuotesha miti ya mbao, nikarudi nikawa mnyapara mwenyewe. Vibarua wapya niliwapa jani la mgomba siku ya kwanza. Hatua niliziacha, nikasuka kamba yenye mafundo, kwa sababu mtu akiumwa na nyoka hushtuka hata kwa ung'ongo. Siku ya kustaafu walinipa mkono, wakanipa panga jipya. Panga hilo nalitumia kupogoa, na mtoto wenu akikwea mti wangu na kuvunja tawi, nitamjia mpaka chumbani.

Basi mnataka kujua kama mtaa huu unafaa kuishi. Msiangalie bati wala rangi ya ukuta. Njooni saa saba mchana mtembee kutoka soko hadi shule, hadi zahanati, hadi msikitini au kanisani, na mzigo mkononi. Hapa miti imeshikana matawi juu, kwa sababu ilipandwa karibu karibu na mtu mwenye miguu mifupi, na asubuhi utawakuta akina mama wa mlimani wametua matenga chini yake, mboga za majani umande haujakauka. Alasiri Wahindi hutoka na watoto wao kutembea, mabibi wameshikana mikono, wanajua jina la kila mtu. Ukiugua, kabla hujatuma mtu, jirani ameshakuuliza mbona leo hukupita. Nimekula chumvi nyingi na nimekaa miji mingine, na hilo sikulikuta kwingine.

Mzee Mloka? Miaka mingi ilipita bila yeye kukanyaga mjini. Kisha goti likamsumbua, akateremshwa kuja kutibiwa, kwa wiki moja tu, akasisitiza, wiki moja. Tekla alimwekea kiti nje ya mlango, kivulini chini ya mkangazi. Wiki ikaisha, akasema dawa haijamaliza kazi. Mwezi ukaisha, akasema mvua, njia inateleza. Akaanza kugombana na muuza kahawa kuhusu nani akae upande gani wa shina. Mjukuu wake alikuja mara tatu kumchukua, akarudi mikono mitupu. Miaka saba alikaa pale, akilalamika kila siku kwamba mji una kelele. Tulipomrudisha mlimani kumzika kwenye ardhi ya ukoo wake, tulimrudisha kwa kumbeba, maana kwa miguu yake alikataa.