Soda ya Mzee

Nilianza kutafuna miraa nikiwa karani wa stoo hapa Garissa, kwa kuwa kila mwanamume niliyemheshimu alitafuna. Shida yangu ilikuwa usingizi. Miraa iliniacha macho makavu hadi alfajiri. Mwenzangu mmoja wa barazani akaninong'oneza, "Walaal, ndugu yangu, kunywa kitu kidogo cha kushushia. Unadhani hawa wengine wanalalaje?" Hakusema uongo. Baadhi yao walimeza vidonge vya usingizi. Mimi nilichukua pombe, kitu ambacho kwetu mtu hakinunui akionekana.

Niliichanganya na soda nyeusi, nikaiweka kwenye friji nyuma ya maziwa ya ngamia. Watu wa nyumbani walijua ni soda ya mzee, haiguswi. Nilidumu hivyo miaka minane.

Mwaka juzi wazee wanne walikuja kutoka Ijara baada ya swala ya alasiri kumposa binti yangu wa mwisho, naye alimtaka kijana wao. Joto lilikuwa kali na soda za baridi zikaisha. Mke wangu akaleta ile yangu, akammiminia mkubwa wao, haji wa umri wangu.

Niliiona glasi ikienda mdomoni. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia, maana ningelazimika kueleza.

Haji alipiga funda moja, akaiweka glasi chini polepole.

"Mama, soda hii umeitoa wapi?"

"Ni ya mzee," mke wangu akajibu akitabasamu. "Anaipenda sana hiyo."

Wote wakanitazama. Nikasema, "Siku hizi madukani wanauza vitu vilivyochacha. Na huyu mama hakagui anachonunua."

Haji alitoka nje, akasukutua kinywa mpaka birika likaisha maji. Waliondoka bila kuisoma Fatiha ya posa, na nyama ikabaki kwenye sinia.

Jioni ile binti yangu aliinusa chupa, akaimwaga chooni nikimwangalia. Hakulia. "Aabo," akaniambia, "umesema ni mama."

Nilikaa wiki tatu nikisubiri hasira yake juu ya posa, haikuja, nami sikuweza kula naye sinia moja. Nikapanda gari hadi Ijara. Nilimkuta Haji kwenye zizi la mbuzi, nikamweleza yote: chupa, miaka minane, kuacha kwangu, na jinsi nilivyomsingizia mke wangu.

Alifunga mlango wa zizi. "Miezi mingapi sasa hujainywa?"

"Wiki tatu, Haji."

"Wiki tatu." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Binti yako tunamtaka. Hana kosa, wala mama yake. Lakini sheikh wetu hatampokea mnywaji kuwa walii wa kumwoza. Mkono wako hatuwezi kuushika, walaal. Una ndugu?"

Nilikuwa na mdogo wangu, mtu niliyemlea baada ya baba kufariki, niliyemchapa viboko kwa kuchelewa madrasa. Nilimpigia simu mwenyewe. Alisita, akasema labda watanisamehe tukingoja. Nikamwambia binti asingojeshwe kwa ajili yangu.

Siku ya nikaha sheikh aliuliza walii ni nani. Mdogo wangu alinyoosha mkono, akamwoza mwanangu. Mimi nilikaa safu ya nyuma karibu na viatu, nikaitikia amina pamoja na majirani.