Mjomba Aliyevuka Kwenda Kios

Jioni ya kuamkia siku ya kuvuka, mdogo wangu wa kike alinipigia simu akaniambia nikifika kisiwani nisimwite jina lake. Jina alilopewa na bibi yetu alikuwa ameliacha upande wa Uturuki. Kule Kios, kisiwa cha Ugiriki, anaitwa jina jingine, la watu wa nchi jirani na yetu, ile yenye vita.

"Na wewe si kaka yangu," akasema. "Wewe ni mtu tuliyeshona naye kiwandani Izmir. Umenielewa, kaka?"

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha hosteli, Izmir hapo hapo, nguo za kesho nimezikunja juu ya begi. Chuo ninachofundisha Morogoro kilikuwa kimenipeleka Uturuki kwa kozi fupi ya udongo wa milimani. Nilipoona kwenye ramani kwamba kisiwa anachoishi mdogo wangu kiko hapo mbele ya pwani, nilianza kuhangaikia viza ya Ulaya kabla hata sijakata tiketi ya ndege. Mara ya kwanza nilinyimwa. Mara ya pili nilipewa ya siku chache, na mama aliposikia alichinja kuku.

Inabidi nieleze kwa nini alichinja kuku. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wanangu wawili wa kiume nawalisha na kuwasomesha, lakini lukolo lao, yaani ukoo, ni la mke wangu. Wanaoendeleza ukoo wa mama yangu ni mabinti, na mama alijaliwa binti mmoja tu, huyo mdogo wangu. Yeye naye alikuwa amezaa binti mmoja, huko huko kisiwani, mtoto ambaye hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumshika. Shamba la mama lililo juu ya Mkuyuni, lenye migomba, mdalasini na pilipili manga, lilikuwa linamsubiri mtoto huyo. Na mimi ndiye mjomba wake. Kwa Waluguru mjomba hatajwi kwa heshima tu. Siku ya posa ndiye anayeulizwa, na siku ya msiba ndiye anayesimama mbele.

Mdogo wangu aliondoka nyumbani akiwa msichana wa kushona sare za shule kwenye kibaraza pale Morogoro mjini. Wakala mmoja alimtafutia kazi katika kiwanda cha nguo Izmir. Kibali kilipoisha, mwenye kiwanda akawa anamlipa anavyotaka, siku nyingine hamlipi kabisa. Akanyamaza miezi mingi. Aliporudi hewani alikuwa Ugiriki, na alipoulizwa amefikaje alisema kwa boti. Mama aliridhika na jibu hilo. Boti anazozijua mama ni zile za kwenda Unguja.

Boti yangu iliondoka asubuhi kutoka Cheshme, mji mdogo ulio mwisho kabisa wa barabara ya kutoka Izmir. Ilikuwa nyeupe, safi, na viti vya plastiki juu ya sitaha. Abiria wengi walikuwa Waturuki waliokwenda kula chakula cha mchana na kurudi. Akina mama wa Kigiriki walikuwa wanarudi kwao na mifuko ya mataulo na sabuni walizonunua kwa bei nafuu, na wazee wawili wa Kizungu walikuwa wamevaa kofia zinazofanana. Mtu mweusi nilikuwa peke yangu. Nilikaa karibu na chuma cha pembeni, mfuko wa zawadi alizonipa mama nimeuweka mapajani, na kabla boti haijamaliza kugeuka bandarini nikaona mlima wa Kios. Baada ya muda mfupi nikaona nyumba, halafu madirisha ya nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ya baharini. Ile haikuwa safari. Mama kijana aliyekaa mbele yangu alimenyea mtoto wake chungwa, na hawakuwa wamelimaliza tulipoanza kupunguza mwendo.

Upande wa pili watu walipita dirishani kwa polisi wa pasi mmoja baada ya mwingine, muhuri, muhuri, karibu. Nilipofika mimi yule polisi alikaa sawasawa kwenye kiti. Aliipindua pasi yangu, akaikwaruza kwa ukucha, akaniita pembeni. Wale wazee wenye kofia walinipita wakiangalia chini.

"Unaenda kufanya nini Kios?"

"Kutembea."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kuna mtu unayemfahamu hapa kisiwani?"

"Hakuna."

Alinikazia macho muda mrefu, kisha akagonga muhuri.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya geti, ameshika mkono wa mtoto. Amenenepa kidogo, nywele amezikata fupi. Mtoto alikuwa wa umri wa kuanza shule, rangi ya maji ya kunde, na paji la uso lilikuwa la mama yangu kabisa, lile lililotokeza mbele, hata mfinyo wake wa katikati ulikuwepo. Mdogo wangu alinipa mkono kama anavyopewa mteja, akanisalimia kwa Kiingereza. Nyumbani hajawahi kukutana na mimi bila kuniamkia.

Tulikwenda kukaa kwenye mkahawa wa bandarini. Mtoto alinunuliwa aiskrimu, akaondoka kwenda kuchezea paka waliojaa pale kwenye kingo za bandari. Hapo ndipo mdogo wangu aliposema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, kaka," na machozi yakamtoka.

"Marahaba. Kwa nini isiwe mbele ya mtoto?"

"Anaelewa Kiswahili kidogo. Neno kaka analijua."

Nikafungua mfuko. Mdalasini aliupokea, akanusa magome yake mpaka nikaona aibu kumwangalia. Kanga akaikunja haraka akaitia kwenye mkoba. Kisha nikatoa picha. Mama alikuwa amepigwa picha studio Morogoro mjini kwa ajili ya safari hii, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, amevaa miwani yake mpya. Mdogo wangu aliiangalia akaisukuma kwangu juu ya meza.

"Hii siwezi kuichukua."

"Ni mama yako."

"Mama alikufa, kaka."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaendelea kuongea akiangalia maji. Walipofikishwa kwenye kambi ya wakimbizi kila mtu aliitwa ndani peke yake kuulizwa. Waliotoka kwenye nchi za amani walikuwa wanarudishwa, wote walilijua hilo. Mwanamke mmoja waliyevuka naye alimpa nchi, kijiji na kisa vya kusema ni vyake. Alipoulizwa ana nani kwao, akasema hana mtu. Wakamuuliza mama yuko wapi. Akasema ameuawa, na akaeleza ameuawaje.

"Ulielezaje?" nikamuuliza.

"Usiniulize hilo."

"Na mumeo?"

"Mume wangu naye anajua hivyo hivyo. Nilikutana naye tayari nikiwa mtu huyo. Ningeanzia wapi?" Akapangusa macho kwa karatasi ya mezani. "Ile picha ina miwani mpya, kaka. Picha mpya ya marehemu nitaielezaje?"

Nilikuwa na maneno mengi makali ya kumwambia. Nikamuuliza tu ile boti aliyovukia ilikuwaje. Akasema haikuwa boti, ilikuwa mpira uliotiwa upepo, na alimshikilia mtoto wa mtu mwingine njia nzima kwa sababu mama yake mtoto alikuwa anatapika. Akaonyesha kwa kidevu kule Uturuki nilikotoka. Pwani yote ilikuwa inaonekana.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa mama. Tulikuwa tumepanga hivyo: ateremke sokoni Mkuyuni, mtandao unakoshika vizuri, akae dukani kwa mpwa wake, binti wa mama mdogo, amwone mjukuu kwenye video. Alikuwa ameniambia atavaa nguo za Idi.

"Usipokee," mdogo wangu akasema.

"Ameteremka mlima kwa miguu."

"Mtoto anajua bibi yake hayupo. Ataniuliza huyu ni nani. Atamuuliza baba yake."

Simu ikakatika, ikaita tena. Mwishowe alikubali kwa sharti. Akaichukua simu yangu mwenyewe, akapokea, akazima sauti ya upande wetu na ya upande wa kule, akaigeuza kamera kuelekea kwa mtoto. Mama yangu akaonyeshwa mjukuu wake kwa mbali, anakimbiza paka, aiskrimu inamchuruzika mkononi. Kwenye kioo niliuona mdomo wa mama unacheza. Alikuwa anaita. Alipunga mkono, akaisogeza simu karibu mpaka likabaki jicho moja na pembe ya miwani, akaendelea kuita. Nyuma yake watu wa dukani walikuwa wamekusanyika, wanacheka kwa furaha. Mtoto hakugeuka. Hakukuwa na sauti ya kumgeuza.

"Inatosha," mdogo wangu akasema, akakata.

Mumewe alikuja saa ya mchana akitokea kazini. Ni Mgiriki, fundi wa pikipiki za kukodisha watalii, mtu mpole mwenye mikono ya oili. Alitaka nile samaki na akakataa kabisa nilipe. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama cha mdogo wangu. Tulipomaliza kula aliniwekea mkono begani, akasema mkewe alimweleza kwamba mimi nami ni wa kule kule.

"Ninyi mmeteseka," akasema. "Mama yake sikumkuta. Kila mwaka nawasha mshumaa kwa ajili yake kanisani. Pole sana."

Nilipewa pole ya msiba wa mama yangu nikiwa na picha yake kwenye mfuko wa shati. Mdogo wangu alikuwa ananiangalia. Nikasema asante.

Boti ya jioni iliwarudisha wale wale wa asubuhi, wameshiba, wengine wamelewa kidogo. Mdogo wangu hakunisindikiza mpaka getini. Mtoto alinipungia kwa sababu aliambiwa anipungie. Nilikaa ndani, upande usio na dirisha.

Nilirudi Tanzania kozi ilipokwisha. Basi la kutoka Dar lilisimama Mikese abiria wanunue machungwa, na pale nikajaribu kupanga cha kumwambia mama. Ningeweza kumdanganya. Ningesema mtandao ulisumbua, sauti ilikataa. Lakini huyu ni mtu aliyekwisha kumtengea mtoto yule shamba, na mimi ndiye ningekuja kuulizwa na wazee.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi za kupika. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote, ila ile habari ya namna alivyouawa, kwa kuwa nami siijui. Hakuacha kumenya. Nilipofika kwenye mishumaa ya kanisani aliuliza, "Huyo mkwe ni mtu mzuri?"

"Mtu mzuri, mama."

"Wanakula vizuri?"

"Wanakula vizuri."

Akatia ndizi ya mwisho kwenye sufuria, akanawa utomvu kwa mafuta, taratibu, kidole kwa kidole.

"Ukiongea naye tena," akasema, "mwambie marehemu anamsalimia."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Tangu siku hiyo hakuteremka tena Mkuyuni kwa ajili ya simu. Nikimpa simu yangu anasema masikio yanamsumbua, wakati akiwa chumbani anasikia kuku akiingia jikoni.

Baada ya mavuno aliwaita wazee wa ukoo. Walikaa kwenye mkeka, mimi nikiwa mmoja wao, akawaambia shamba analitoa kwa yule mpwa wake wa dukani, maana ana mabinti watatu na wote wanapajua. Mzee mmoja akauliza, na yule wa Ulaya je? Mama akasema, "Yule hana mtu." Akainuka kwenda kuangalia wali. Wazee wakanigeukia mimi, mjomba. Nilikuwa na haki ya kupinga. Nikasema kama mama ameamua, mimi sina neno.

Mdogo wangu alizipata habari, sijui kwa nani. Akanipigia nikiwa ofisini, nimezungukwa na mitihani ya kusahihisha.

"Mmenitoa kwenye ukoo, kaka?"

"Shamba limepewa mtu anayelima."

"Lilikuwa la mwanangu."

"Mwanao anajua yeye ni wa wapi?"

"Ningemwambia. Akikua ningemwambia, ningemleta."

"Ungemleta kwa nani? Uliwaambia huna mtu."

"Nilisema ili niishi!" Alipiga kelele mpaka nikaiondoa simu sikioni. "Wewe ulivuka umekaa kwenye kiti. Ulikula samaki ukarudi. Usinifundishe mimi cha kusema mbele ya watu wale."

Alikuwa amesema kweli, na nilijua. Lakini nilimwona tena mama yangu na nguo zake za Idi, mdomo unacheza bila sauti, na ile kweli haikunilainisha.

"Mama anakusalimia," nikamwambia. Lile neno marehemu sikulisema.

Nikasikia pikipiki inawashwa kule kwake, na mtoto anaongea Kigiriki, harakaharaka, anadai kitu. Mdogo wangu akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa sauti nyingine kabisa, laini, nisiyowahi kuisikia kwake. Kisha akakata simu. Nikavuta karatasi ya mwanafunzi iliyofuata nikaendelea kusahihisha.