Moto wa Bluu Chini ya Ndizi za Mbege

Nikisikia watu wanasifia moto mkubwa, nakumbuka siku ile uani kwetu Kariakoo. Masika yalikuwa yamejaza maji bonde la Jangwani na malori ya mkaa hayaingii mjini. Mwanangu, nilikuwa msichana bado, nimetoka Kilimanjaro, shule niliishia darasa la pili. Lakini mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nilijua kupika. Sijivuni, ni kweli tu. Haya, najivuna.

Kaka yangu alitaka kuoa, na wazee wa binti wangekuja Jumamosi. Kwetu Wachaga habari ya mahari haisemwi mdomo mkavu. Mkubwa wao huonja kata ya mbege kwanza. Akiiweka chini bila kuimaliza, wote wanainuka na maneno yamekwisha. Ndizi zangu zilikuwa zimeiva. Zisingepikwa siku hiyo, mbege isingewahi kuchacha, na kaka angeaibika.

Jirani yetu Mzee Jivan, Mhindi aliyepika mithai na vitamu vingine vya kwao, alikuwa amekaa bure kwa kuwa sukari imeadimika. Akaniazima jiko lake kubwa la gesi na mtungi wake.

"Gesi nyingine hakuna mjini, binti. Ikiisha, imeisha."

Yeye pombe haigusi hata kidogo. Lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nikafungua koki mpaka mwisho. Kwetu kuni zikitoa ndimi ndefu, bibi husema moto umekubali; basi nami nikafurahi kuona ndimi za njano zinapanda ubavuni mwa sufuria. Nikangoja. Jua likasogea. Sufuria ikawa nyeusi tii, ndizi zimelala kimya, na mtungi unazidi kuwa mwepesi.

Mzee Jivan akatoka, akatazama.

"Binti, unapika ndizi au unapika masizi?"

"Moto hautoshi, babu. Na koki imefika mwisho."

"Moto umeulisha mpaka umevimbiwa. Pumzi je, umeupa?"

Akachuchumaa. Kwanza akapunguza gesi, nami nikaona mbege imeniharibikia. Kisha akashika kibati cha duara kwenye shingo ya jiko, kilichofunika tundu la hewa, akakizungusha taratibu.

Mwanangu, sijui nikuambieje. Ile njano ilishuka, ikajikunja, ikawa bluu, vindimi vifupi vimepangana kama meno ya kitana. Akazungusha zaidi; moto ukaruka juu ya matundu yake, ukanguruma. "Hapo hewa imezidi," akasema, akarudisha kidogo. Ukatulia. Hauna moshi, juani huuoni vizuri, unavuma kwa chini kama mtu anayesali. Nilisimama pale nimeshika mwiko. Moto nilizaliwa nao, kumbe nilikuwa sijauona.

Tukaegesha mabati kuzuia upepo, tukaacha upenyo wa hewa. Haukupita muda, sufuria ikaanza kutokota. Nikanyoosha mkono niongeze gesi, akanizuia.

"Imeshachemka. Unaikimbiza wapi? Punguza."

Kufikia jioni ndizi zilikuwa nyekundu kama udongo wa kwetu, na gesi bado ipo.

Jumamosi, mbege imeshachacha, mkubwa wao akapokea kata, akaonja. Akanywa tena mpaka chini, akafuta masharubu.

"Hii imepikwa hapa hapa mjini?"

"Hapa hapa, mzee wangu."

"Basi ongeza, tuzungumze."

Kaka akaoa.

Sikia basi, wewe unayesoma. Debe tupu haliachi kuvuma, na moto unaopanda juu si lazima uwe unapika. Jambo likikushinda, usikimbilie kuongeza nguvu, ukali na kelele. Tazama kwanza ulichokiziba. Mtoto, mume, kijana uliyemwajiri, ukiwajaza maneno na kuwanyima pumzi watakutolea masizi, halafu utawalaumu wao. Na kazi ikishashika njia, legeza mkono. Hilo la mwisho ndilo gumu, linanishinda mimi mpaka leo.

Mungu akujalie nyumba yenye chakula, na jirani asiyeona haya kukukosoa. Nenda salama, mwanangu.