Jina Mgongoni mwa Sabuni

Abdulkarimu wa Katubuka ana kazi ambayo wengi hapa Kigoma hawaijui, wala siwalaumu. Ukimuuliza anafanya nini, atakujibu, "Nachora kalibu," basi, hakuongezei neno. Anazichora kwenye kompyuta, hizo kalibu za kutolea vitu kwa umbo moja: kalibu za vifuniko, za maboya ya nyavu, za vishikizo vya milango. Kisha mashine ya Jeremia, mwenye karakana, inazitoa kwa plastiki ngumu, tabaka juu ya tabaka, kutwa nzima. Fundi hodari, ila kwa maneno ni bahili huyo! Hata salamu anakupa nusu.

Mwaka huu mkewe, Hasna, alifariki. Alianguka mtaani Buzebazeba, mwiko wa kukorogea sabuni ukiwa mkononi. Presha. Mpaka wanamfikisha hospitali, imekwisha. Wanawake wa kikundi chake cha sabuni ya mawese walilia mpaka sauti zikawakauka. Jeremia, ambaye si ndugu wala jamaa, alilia. Abdulkarimu hakutoa chozi. Alizika, akarudi nyumbani, akafua shati. Siku ya nne alikuwa kazini.

Watu wakasema ana roho ngumu. Jamani, watu nao! Roho ngumu angeitoa wapi? Ndani mlikuwa na ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Chakula alikula, usingizi alilala, hakikumgusa kitu. Na jina la mkewe halikumtoka mdomoni tena. Alisema "marehemu alipenda hivi," "kwao marehemu." Kila mtu husema marehemu, sasa nani angeshtuka?

Aliyeshtuka ni Hidaya, dada mkubwa wa Hasna. Alikuja karakana na kipande cha sabuni amekifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, dada," Abdulkarimu akasema.

"Marahaba, shemeji. Hiki ndicho cha mwisho alichokiandika."

Hasna alikuwa na mtindo wake. Kila kipande, kwenye ule mgongo wake wa mviringo kama wa mkate, alichora jina lake kwa msumari. Hidaya mwenyewe kusoma hajui, ila herufi zile alizijua kwa kidole. Kikundi, alisema, kinataka kalibu itakayotoa jina hilo likiwa limetuna, kwa mwandiko uleule, ili siku ya arobaini kila mgeni aondoke na kipande chake. Arobaini ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Sawa," akasema Abdulkarimu. "Nitamchorea marehemu."

Hidaya alimtazama sana.

Abdulkarimu akaipiga picha ile sabuni, akafuatisha mstari kwa mstari: H yenye mguu mmoja mfupi, A ya mwisho iliyoinama. Lile faili aliliita Kazi ya Kumi na Saba.

Sasa niwaeleze, maana kosa lenyewe liko hapa. Ugali ukiugeuza kutoka kwenye bakuli lenye mdomo mpana, unatoka mzima. Ujaze kwenye kibuyu, uone kama utatoka! Herufi nayo ni hivyo hivyo: kuta zake lazima zilazwe kidogo kwa nje ili itoke. Na kwenye mgongo wa mviringo kuna mtego, kwa sababu herufi za pembeni hazitazami juu, zinatazama ubavuni. Ukipima ule mlazo kutoka kwenye mgongo, ukuta wa nje unajichimbia chini ya plastiki na kung'ang'ania. Unatakiwa upime kutoka upande sabuni inakovutwa. Abdulkarimu alilijua hilo kuliko jina la baba yake.

Hakulifanya. Kalibu ya kwanza aliziacha kuta wima kabisa. Hidaya akaleta sabuni ikiwa bado laini, akaisindilia, akaigonga. Kipande kikatoka bila H wala A ya mwisho.

"Limesema nini?" akauliza.

"Limekatika."

Kalibu ya pili akazilaza kuta nyuzi tatu, lakini akazipima kutoka kwenye mgongo, ili herufi zisinenepe. Hidaya akasindilia, akagonga, akauliza tena limesema nini.

"Limekatika."

Ilikuwa Jumatano. Jeremia akashindwa kuvumilia. "Karimu, kosa hili ningelifanya mimi, ungenicheka wiki nzima!"

"Nikizilaza inavyotakiwa, A inanenepa upande mmoja," akasema Abdulkarimu. "Haitakuwa mwandiko wake."

Hidaya akakung'uta mikono. "Shemeji, alikuwa anaandika ili watu wajue sabuni ni ya nani. Basi. Wewe Jumamosi utawagawia wageni vipande vilivyonyofoka?"

Abdulkarimu alikaa mbele ya kompyuta, akaweka mshale unaoonyesha sabuni inakovutwa ukitazama juu, akazilaza kuta zote kwa huo. A ikanenepa ubavuni, kama alivyosema. Aliitazama na hakusikia chochote. Akatuma faili, mashine ikachapa Alhamisi nzima.

Ijumaa, baada ya sala, Hidaya alikuja na ndoo. Akasindilia, akapindua kalibu juu ya kiganja. Hakuwahi hata kugonga. Sabuni ilidondoka yenyewe.

Akapitisha kidole, polepole, mwanzo mpaka mwisho.

"Limesema nini?"

"Limetoka zima."

"Kwamba limetoka, nimeona. Mimi kusoma sijui, aliyekuwa akinisomea mmemzika. Soma, shemeji."

Jeremia akazima mashine. Abdulkarimu akakipokea kile kipande, kingali na uvuguvugu, akafumbua mdomo, akaufumba, akaufumbua tena.

"Hasna," akasema.

Sauti ikamkatikia hapo hapo. Akalirudia jina, akalirudia tena, na mabega yakaanza kumtikisika. Siku ya thelathini na tisa ndipo ikamuuma.

Hidaya hakumwambia nyamaza. Alimvutia stuli akae, akachota sabuni ndooni, akasindilia kipande cha pili.